MZUNGWI: KUTOKA UA WA NYANYA HADI KARATASI YA MAGONJWA 300

 

Mwaka jana, wiki ya mwisho ya Shaaban, shangazi yangu alinunua mkebe wa unga wa kijani nje ya msikiti. Pamoja na mkebe alipewa karatasi iliyopigwa chapa pande zote mbili, na karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Inasema kuwa unga huo ni wa moringa, "mti wa muujiza", na kwamba unatibu magonjwa 300. Kisha yametajwa: kisukari, presha, saratani, vidonda vya tumbo, utasa, upungufu wa nguvu za kiume, kusahausahau, chunusi. (Nilihesabu, wallahi. Yalifika 41, halafu pakaandikwa "na mengineyo".) Chini kabisa kuna maneno kwamba hii ni katika tiba za Mtume (S.A.W.).

Shangazi ana ugonjwa wa sukari, mwaka wa kumi na moja sasa. Humeza vidonge asubuhi na jioni. Yule kijana muuzaji alimwambia, kwa heshima zote na kumwita mama, kuwa akitumia vijiko viwili kwa siku hatavihitaji tena vidonge vyake. Na kusema kweli shangazi alikuwa anatafuta wa kumwambia maneno hayo. Alikuwa anaogopa kwenda kliniki kabla ya Ramadhan, asije akaambiwa asifunge. Basi vidonge akavifungia kabatini, na mkebe akauweka mezani.

Habari ya shangazi nitairudia mbele. Kwanza tuuzungumze mti wenyewe, maana nilipoiona picha iliyo kwenye mkebe nilicheka. Ulikuwa ni mzungwi! Mti ule ule ulioko ua wa nyuma kwa nyanya yangu, ambao tukiwa wadogo tulikatazwa kuupanda kwa sababu matawi yake hukatika kwa ghafla, hayana nguvu hata ya kumbeba mtoto.

MTI WA MBOGA

Mzungwi una majina mengi. Wengine huuita mzunze, na ndugu zetu wa Tanzania huujua zaidi kwa jina la mlonge. Wagiriama wanauita muzungwi. Ukikata tawi ukalichomeka ardhini, hata kiangazi, mara nyingi litachipua, na ndiyo maana mashambani utaukuta umepandwa kuwa ua wa nyumba. Majani yake ni madogo madogo ya mviringo, maua meupe, na maganda marefu yananing'inia kama fimbo.

Kwa nyanya yangu huo ulikuwa mti wa mboga, basi. Majani yanachumwa, yanatolewa vijiti, yanachemshwa, kisha yanatiwa tui la nazi. Mama aliyejifungua alipikiwa zaidi kuliko wengine. Mbegu tulizichezea. Mizizi nyanya hakutaka iguswe. Ukiichimba ina harufu kali ya kuwasha pua, na yeye alisema mizizi ya mzungwi haichezewi, hasa na mwanamke mwenye mimba. Tulipomuuliza kwa nini, alijibu kuwa hata yeye aliambiwa hivyo hivyo na mamake.

Sikuyatia maanani maneno hayo mpaka nilipokwenda kusoma. Utafiti wa zama zetu unakubaliana na nyanya: mizizi na maganda ya mizizi ina vitu vyenye sumu, na nchini India iliwahi kutumiwa na waganga wa kienyeji kutoa mimba. Majani ni chakula. Mti mmoja, sehemu mbili, hukumu mbili. Katika ile karatasi ya shangazi hakuna hata neno moja juu ya mizizi, isipokuwa kwamba "kila sehemu ya mti huu ni dawa".

BANI KATIKA VITABU VYETU

Nilianza kutafuta kutoka pale palipotajwa tiba ya Mtume (S.A.W.), kwani hilo ndilo lililomfanya shangazi atoe pesa. Habbat sauda ipo katika Bukhari na Muslim, hilo halina shaka. Asali imo ndani ya Qur'ani. Ama mzungwi, ustadh wangu wa madrasa aliniambia nisihangaike: haumo katika zile hadithi mashuhuri za tiba tulizosomeshwa. "Lakini," akasema, "tafuta neno *bani*. Waarabu waliujua mti wa jamii hiyo."

Na kweli! Ndugu msomaji, hapa nilifurahi sana. Bani ni mti ambao Waarabu waliupenda mpaka katika mashairi yao walimfananisha mtu mwembamba mwenye kimo kizuri na tawi la bani. Mbegu zake karibu nusu ni mafuta, na mafuta hayo yana sifa moja kubwa: hayaharibiki upesi kama mengine. Hayana harufu yake yenyewe ya kuwasumbua watengeneza manukato, na yanashika vizuri harufu ya kitu kingine. Al-Kindi, yule mwanafalsafa wa karne ya 9 kule Iraq, katika kitabu chake cha manukato anaeleza namna ya kutengeneza ghalia, yaani mchanganyiko wa miski na ambari, na mafuta ya bani ndiyo yanayochukua harufu hizo.

Ibn Sina naye, aliyefariki mwaka 1037 (428 Hijria), ameitaja bani katika *al-Qanun fi al-Tibb*, kitabu cha pili, kile cha dawa moja moja. Anaieleza punje na kiini chake chenye mafuta, na anaitaja kwa madoa ya ngozi. Miaka 200 baadaye Ibn al-Baytar, mtu wa Malaga aliyefia Damascus mwaka 1248, akaiingiza katika kitabu chake kikubwa kinachoeleza dawa na vyakula zaidi ya 1,400. Na kabla yao wote, tabibu wa Kiyunani Dioscorides katika karne ya 1 alikwisha kuandika kuwa punje hizo hutapisha.

Tazama mambo mawili. La kwanza, mabingwa hawa waliandika kwa mipaka: punje hufanya hili, mafuta hufanya lile, ukizidisha utatapika. Hakuna aliyesema inatibu kila kitu. La pili lilinivunja moyo kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshawatangazia wenzangu chuoni kuwa Ibn Sina aliusifu mzungwi wa nyanya yangu. Sio mti ule ule! Bani ya Waarabu ni ndugu yake, *Moringa peregrina*, unaoota kwenye majabali ya pande zote mbili za Bahari ya Sham, Sinai, Hijaz mpaka Oman, ambako wanauita shuu. Mzungwi wetu ni *Moringa oleifera*, asili yake ni Bara Hindi ya kaskazini, chini ya milima ya Himalaya. Hata hilo jina la moringa limetokana na Kitamil, *murungai*. Jamaa zetu wa Kihindi wa Mombasa mpaka leo hupika yale maganda marefu kwenye mchuzi, na ukila nao utafunzwa kufyonza nyama ya ndani na kutema nyuzi.

Jumla wataalamu wa mimea wanahesabu aina 13 za jamii hii, na nyingi zaidi ziko kwetu, katika Pembe ya Afrika na kaskazini mwa Kenya. Aina moja, *Moringa stenopetala*, inapatikana Turkana na Baringo. Wakonso wa kusini mwa Ethiopia wameipanda kwenye matuta ya milima yao na majani yake ndiyo mboga yao ya kila siku. Ajabu ni kwamba sisi wa Kenya tunanunua kwenye mkebe kitu ambacho jamaa zake wanaota bure kule kwetu porini.

MTI WA KUSAFISHA

Katika yote niliyosoma, lililonigusa zaidi ni habari ya wanawake wa Sudan, na ninashangaa kwa nini haimo kwenye karatasi yoyote ya wauzaji.

Mzungwi ule wa Kihindi ulifika Sudan wakati wa utawala wa Waingereza, ukapandwa kama mti wa mapambo tu. Sasa, kila mwaka mvua zikinyesha milima ya Ethiopia, Nile ya Buluu hushuka na tope jingi mpaka maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Wanawake wa vijijini walikuwa na ujuzi wa zamani wa kuyatuliza maji hayo: walitia aina ya udongo kwenye mtungi, wakakoroga, tope likashuka chini. Udongo huo huitwa *rauwaq*, kutokana na neno la Kiarabu la kusafisha kinywaji kikawa safi. Halafu baadhi yao wakagundua kuwa mbegu za ule mti wa mapambo zinafanya kazi hiyo hiyo, tena vizuri zaidi. Hatujui ni nani alianza. Ni mama fulani tu, jikoni mwake. Mti ukapata jina jipya: *shajarat ar-rauwaq*, mti wa kusafisha.

Namna yake ni hii. Unazimenya mbegu zilizokauka, unazitwanga ziwe unga, unauchanganya unga na maji safi kidogo, unachuja kwa kitambaa. Yale maji meupe kama maziwa unayamimina kwenye mtungi wa maji machafu, unakoroga haraka kwa muda mfupi, kisha polepole kwa dakika kadhaa, halafu unauacha mtungi utulie saa moja au mbili. Ukirudi unakuta tope limekaa chini na maji ya juu yanang'aa.

Mwanasayansi wa kike, Samia Al Azharia Jahn, alipokuwa akifanya kazi Khartoum hakuona kuwa ni vibaya kukaa na akina mama hao na kujifunza kwao. Mwaka 1979 yeye na Hamid Dirar, bingwa wa Kisudani wa elimu ya vijidudu, walichapisha utafiti wao juu ya mbegu za mzungwi na maji ya Nile. Kazi hiyo ndiyo iliyowafungua macho wengine. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walizijaribu mbegu hizo Malawi, mahali panapoitwa Thyolo, kwenye mtambo mzima wa kusafishia maji. Na mwaka 1995 wanasayansi wa Ujerumani walieleza ile protini yenyewe inayofanya kazi. Ukitaka kuelewa, kumbuka somo la sumaku: vinavyotofautiana huvutana. Chembe za tope ndani ya maji zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana na hazishuki. Protini ya mbegu ina chaji chanya. Inazishika chembe hizo, zinajikusanya mafundo mafundo, zinakuwa nzito, zinazama. Nazo zinaposhuka zinabeba bakteria wengi, zaidi ya asilimia 90 katika majaribio mengi.

Asilimia 90 ni nyingi, lakini si zote. Waliobaki hula ule mabaki ya unga ulio ndani ya maji, na ukiyaweka maji mpaka kesho wanaongezeka tena. Kwa hiyo wataalamu wanasema maji yakishatulia bado yachemshwe. Mbegu inaondoa tope, moto unamaliza kazi. Fikiria ni watoto wangapi wanaoharishwa na maji machafu, fikiria kipindupindu kinavyotutembelea Pwani kila mvua zikizidi, kisha uniambie kama hii si faida kubwa ya afya kuliko chunusi.

(Wapo wanaosema kuwa hata lile gogo ambalo Nabii Musa (A.S.) alilitupa kwenye maji machungu, kama ilivyo kwenye Biblia, lilikuwa la mzungwi. Habari hiyo haitaji jina la mti. Na mbegu ya mzungwi inatoa tope, haitoi chumvi. Ukiitia kwenye maji ya kisima chetu cha chumvi utapata maji ya chumvi yanayong'aa.)

MAABARA INASEMAJE

Wauzaji hupenda kusema "sayansi imethibitisha". Basi tuitazame.

Mwaka 1946 watafiti wa Kihindi, Rao, George na Pandalai, walichapisha katika jarida la *Nature* kuwa wamepata kitu ndani ya mti huu kinachoua bakteria. Zilikuwa siku ambazo penisilini ndiyo imetoka na dunia nzima ilikuwa inatafuta nyingine. Mwaka 1981 Wajerumani wakachunguza mbegu na kukieleza kitu hicho vizuri zaidi: ni katika jamii ya vile vinavyoipa haradali ukali wake. Ndiyo ile harufu ya mizizi ya kwa nyanya! Kwa hiyo ni kweli, mzungwi una kitu kinachoua bakteria. Lakini wameuawa ndani ya kisahani cha maabara. Sabuni pia huua bakteria kwenye kisahani, na hakuna anayeinywa. Kutoka kisahani mpaka mwili wa mgonjwa kuna safari ndefu ya kujua kipimo, madhara, na kama kitu kinafika pale ugonjwa ulipo. Tangu 1946 mpaka leo safari hiyo haijakamilika, na hakuna hospitali inayotibu maambukizi kwa mzungwi.

Mwaka 2005 Jed Fahey wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alikusanya maandishi yaliyokuwepo juu ya matumizi ya mti huu kwa tiba. Orodha ya maradhi ilikuwa ndefu kweli kweli. Lakini mengi yalikuwa ni masimulizi, na majaribio yaliyofanywa kwa watu kwa utaratibu unaokubalika yalikuwa machache mno. Hiyo namba ya 300 inasemwa kuwa imetoka kwenye tiba ya zamani ya Kihindi, na kila anayeitaja hunukuu kwa mwenzake bila ya kuonyesha kitabu wala ukurasa. Sisi tuliosoma madrasa tunajua jina la maneno yasiyo na isnadi.

MACHUNGWA SABA

Kwenye karatasi ya shangazi kuna pia picha ya chungwa, karoti, glasi ya maziwa na ndizi, na maandishi kuwa moringa ina vitamini C mara 7 ya chungwa, vitamini A mara 4 ya karoti, kalsiamu mara 4 ya maziwa, na potasiamu mara 3 ya ndizi. Hizi hesabu angalau zina baba. Zilienea kutokana na kitabu cha Lowell Fuglie kilichochapishwa Dakar mwaka 1999, *The Miracle Tree*. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Fuglie na wenzake walifanya kazi na zahanati za kusini magharibi mwa Senegal, wakiwafunza akina mama kukausha majani ya mzungwi na kutia unga wake kwenye chakula cha watoto waliokonda na wajawazito. Senegal wanauita nebeday, na walikuwa wakiula tangu zamani. Jambo jipya lilikuwa ni kukausha kivulini na kusaga, ili mboga ipatikane hata miezi ambayo hakuna kitu sokoni.

Ni kazi njema. Lakini hesabu za kitabu zilipohamia kwenye mikebe zilibadilika maana. Zile ni za majani mabichi, gramu 100 kwa gramu 100. Katika jedwali lile lile, majani mabichi yana miligramu 220 za vitamini C, na unga uliokaushwa una miligramu 17.3. Vitamini C imepotea na maji! Kwa hiyo anayenunua unga kwa sababu ya machungwa saba amenunua picha ya machungwa.

Kalsiamu ni kinyume chake. Unga una miligramu 2,003 kwa gramu 100. Kijiko kimoja kikubwa ni kama gramu 8, basi kina miligramu 160 hivi, karibu nusu ya glasi kubwa ya maziwa. Kwa nyumba isiyopata maziwa, hicho si kidogo hata kidogo. Nyanya hakujua miligramu, lakini alijua ni nani wa kupakuliwa kwanza: yule anayenyonyesha.

SASA KISUKARI

Hapa ndipo pa shangazi, na nilisoma kwa makini kuliko pengine pote.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wakimbizi wa Saharawi, Waislamu wenzetu walioko kambini jangwani Algeria tangu miaka ya 1970. Watu 17 wenye kisukari walikula mlo wa kawaida siku moja, na siku nyingine mlo ule ule uliotiwa gramu 20 za unga wa majani. Sukari yao baada ya kula ilipanda kidogo zaidi ule wa pili, yaani haikupanda kama siku ya kwanza. Alhamdulillah, ni dalili nzuri. Lakini ni mlo mmoja, watu 17, na gramu 20 ni vijiko viwili na nusu vya unga mchungu ndani ya sahani moja. Wasaharawi wenyewe hawakuupenda ladha yake.

Mwaka 2017 kule Thailand walijaribu kwa njia nyingine. Wagonjwa 32 ambao hawajaanza dawa waligawanywa, wengine wakapewa vidonge vya majani ya moringa gramu 8 kwa siku, wengine vidonge vitupu, kwa wiki 4. Mwisho wa majaribio sukari ya makundi mawili haikuwa na tofauti ya maana.

Kwa hiyo jibu la mpaka sasa ni kwamba huenda majani yakasaidia kidogo yakiliwa na chakula, na hakuna aliyethibitisha kuwa yanaweza kushika mahali pa vidonge. Na ikiwa kweli yanapunguza sukari, basi mwenye kuyatumia pamoja na dawa zake ana haja zaidi ya kumwambia daktari, asije akashuka kupita kiasi mchana wa saumu.

Shangazi alifunga siku nne. Ya kwanza na ya pili alituambia anajisikia mwepesi. Ya tatu alikuwa na kiu kisichokatika hata baada ya futari, anaamka usiku mara sita kwenda chooni. Ya nne, baada ya Alasiri, alianza kuniita kwa jina la babangu. Tulimfungulisha kwa maji na kumkimbiza hospitali, na ile mashine ndogo ya kupima sukari haikutoa namba, ilitoa herufi tu, maana yake sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Alilazwa siku tisa. Daktari aliyemtibu, Muislamu mwenzetu, hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Mama, mbona hukuja kabla ya mwezi kuandama? Tungelipanga pamoja dawa za daku na za futari." Shangazi alilia. Alisema alidhani wangemkatalia kufunga.

Nilirudi kumtafuta yule kijana, nikiwa nimejaa hasira, na hotuba yangu nimeitayarisha. Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake baada ya tarawehe. Nilipomweleza alishtuka kweli. Akaniambia kuwa mamake mwenyewe hutumia unga huo huo kwa presha. Nikamuuliza, na vidonge vya presha? Akanyamaza, kisha akachukua simu yake akaondoka pembeni, na nikamsikia akisema, "Mama, hujambo? Vile vidonge vyako bado viko?"

Saumu zilizobaki shangazi hakufunga, atatoa fidia au kulipa kadiri atakavyoshauriwa na daktari na ustadh. Mwaka huu alikwenda kliniki mwezi wa Rajab. Nyanya naye, aliyekuwa kimya muda wote wa mkasa huu, alimtumia kifurushi cha majani mabichi kwa basi, na ujumbe kuwa apikiwe na nazi na asitie chumvi nyingi. Jana nilifuturu kwake. Kwenye meza kulikuwa na tende tatu, glasi ya maji, kisahani chenye vidonge viwili, na bakuli la mzungwi wa nazi. Mkebe ule uko jikoni bado. Ametia ndani yake iliki.